Birika la Wapiga Mizinga

Nianze na jambo moja mlijue mapema: kila babu wa London alitungua ndege. Muulize mjukuu yeyote. Babu alikuwa kwenye mzinga, mzinga ulikuwa bustanini, ndege ya Kijerumani ikapita, babu akasema hii ni yangu, na kweli ikawa yake. Mimi nimefanya kazi ya kutafuta historia ya vikosi vya mizinga ya kutungulia ndege mpaka magoti yakagoma, na nawahakikishieni, kama ndege zote nilizotajiwa zingeanguka kweli, mji huu ungekuwa umefunikwa na mabati mpaka leo, na Wajerumani wangelazimika kwenda kuazima ndege kwa baba yangu Tabora, ambaye mali yake yote ilikuwa baiskeli.

Nacheka, lakini msinione mjinga. Nimestaafu, nakaa Kilburn juu ya duka la kuku wa kukaanga, lifti hakuna, na ninyi vijana mnaopanda ngazi zangu mkihema ili kuniuliza, "Bibi Nyamizi, kazi hii inaanzia wapi?" mnanifurahisha kuliko mnavyojua. Mjukuu wangu wa damu, aliyezaliwa hapa hapa, nikimsimulia anasikiliza vizuri sana, kisha ananijibu, "Okay, Bibi," na kurudi kwenye simu yake. Basi ninyi ndio wajukuu zangu wa kazi. Kaeni, chai inakuja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Familia inanijia: babu alikuwa mpiga mzinga wakati wa Vita Kuu ya Pili, amefariki bila kusema kitu, tunataka kujua alikuwa kikosi gani na alisimama wapi. Au wakazi wa mtaa wanataka kuweka kibao bustanini, watu wajue kwamba pale ilikaa mizinga. Mimi naenda kwenye hifadhi ya nyaraka, nasoma mpaka macho yanatoa machozi, halafu natoka kuwatafuta wazee na ardhi yenyewe. Kusoma peke yake hakutoshi, maana vikosi vile vilihamahama kuliko wafugaji. Leo viko Stratford, kesho viko pwani, keshokutwa hakuna ajuaye. Karatasi nyingine zilipotea, na nyingine ziliandikwa na karani aliyekuwa na usingizi.

Kuhusu ardhi, ngoja niwape siri ya bure. Nendeni bustanini wakati wa kiangazi kikali. Pale penye zege chini ya udongo, majani hufa kwanza, na utaona duara la kahawia limejichora lenyewe. Siku hizi mnaliona kwenye kompyuta, picha zimepigwa kutoka angani, nanyi mmejilaza kitandani na soksi zenu. Sisi tulitembea.

Nami nilitembea, nikaliona duara langu la kwanza, nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya bustani. Nikalipima kwa futi kamba. Nikalichora. Nikalipiga picha nimelala kifudifudi, mbwa wa watu wananinusa. Kisha nikamfuata mlinzi wa bustani, nikamwuliza kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu, "Bwana, unajua kuna nini chini ya majani yale?"

Akaniangalia kwa huruma. "Najua, mama. Bwawa la watoto. Tulilifukia kwa sababu walikuwa wanakojoa humo."

Habari hiyo ilimfikia mwalimu wangu, Bwana Jayanti, kabla sijafika nyumbani, sijui kwa njia gani. Bwana Jayanti alikuwa Mhindi wa Tabora. Baba yake aliuza vitambaa kule, yeye akaja London akiwa kijana na kufungua duka la vifungo, beji na makoti ya zamani ya jeshi, hapa hapa Kilburn. Jumapili alikwenda hekaluni Neasden, siku nyingine zote alikuwa nyuma ya kaunta yake ananikosoa. Ukimpa kifungo alikushikia juu ya taa, akageuza, akakuambia ni cha kikosi cha aina gani. Tangu siku ya bwawa, kila mteja akiingia alininyooshea kidole na kusema, "Huyu dada ndiye mtaalamu wetu wa mabwawa." Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kabisa, na ndiyo maana kiliuma.

Lakini alinifundisha jambo ambalo hamtalipata chuoni. "Dada Nyamizi," alisema, "usimwulize mzee habari za vita. Mwulize alikula nini." Nikadhani ananitania. Sivyo. Habari za vita mzee ameshazisimulia mara nyingi mno, zimekuwa laini, kila neno limekaa mahali pake. Chakula hakuna aliyemwuliza. Ukimwuliza, atakumbuka uji ulioungua, halafu mpishi aliyeuunguza, halafu kibanda cha mpishi kilikuwa upande gani wa barabara, na hapo ndipo unatoa kalamu. Nilipata nusu ya riziki yangu kwa uji ulioungua.

Sasa Bibi Doroti. Huyu ndiye niliyetaka kuwaambia tangu mwanzo, nikazungushwa na habari za bwawa.

Alinipigia simu wakati wazee wa vita ile walipokuwa bado wapo wachache, akaniita kwake karibu na Stratford, flati ndogo, yeye na paka wake. Vitani alikuwa msichana kwenye kikosi cha mchanganyiko. Wanaume walijaza na kufyatua mizinga. Wasichana waliendesha mashine za kupima ndege iko juu kiasi gani, na kukadiria itakuwa wapi kombora likifika. Msichana hakuruhusiwa kufyatua. "Sisi tulifikiri," aliniambia, "wao walivuta."

Alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Akanyoosha kidole dirishani, akanionyesha bustani ng'ambo ya barabara. Kamati ya wakazi ilikuwa inaandaa kibao cha kuweka pale, na kwenye kibao kulikuwa na kikosi kimoja tu, kikosi cha wanaume kilichokaa pale kabla yao.

"Tulisimama kwenye matope yale msimu mzima wa baridi," alisema. "Wenzangu wote wamekufa, kipenzi. Nikifa mimi na kibao kikiwa vile, itakuwa hatukuwepo kabisa."

Nilihisi uchungu, na nilipohisi uchungu ndipo nilipojua kwamba kazi hii nitaifanya hata akinilipa biskuti.

Chai ilikuja. Nawaombeni mliangalie vizuri birika lile, kwa sababu mimi sikuliangalia. Lilikuwa la bati zito, limebonyea ubavuni, kubwa kama mbuzi mchanga, na mwenyewe alilinyanyua kwa mikono miwili huku ameuma meno. Nikamwambia, "Bibi, birika hili lingetosha harusi ya Kinyamwezi."

"La familia," akasema.

Paka akatazama pembeni.

Nikaenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Habari za kikosi cha Doroti zilikuwepo, lakini za msimu ule hazikutaja bustani wala mtaa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, Bi Helena, mama mmoja mwungwana na mwoga wa makosa. Hakukataa. Alisema tu, "Niletee shahidi mmoja asiye wa kikosi chake mwenyewe, nami nitabadilisha kibao." Haki kabisa. Tatizo ni kwamba shahidi aliyekuwa hai duniani alikuwa mmoja tu, Bwana Stanli wa kikosi cha wanaume, yule yule aliyeipa kamati habari zake.

Nilimwendea Bwana Stanli nyumbani kwa binti yake, Margareti. Nilivaa suti. Nilibeba mkoba. Nikamwuliza kwa adabu zote kama angeweza kuthibitisha kwamba baada ya wao kuhamishwa kilikuja kikosi chenye wasichana.

"Sikumbuki wasichana wowote," alisema, amekaa wima. "Sisi tuliondoka, pakabaki na kunguru."

Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. Nikakumbuka mafunzo, nikamwuliza taratibu, "Na pale mlikuwa mnakula nini?"

"Chakula."

Nikaenda zangu.

Bwana Jayanti alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka beji zake chini. "Umemwendea kama polisi," alisema. "Na suti pia! Wewe Mnyamwezi wa wapi? Utani umeuacha uwanja wa ndege?"

Kwa ninyi mliozaliwa huku, utani ni ile ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, baina ya makabila ambayo zamani yaligombana au yalipitiana njiani. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, nawe ukamkaribisha wali. Na msibani ndipo kazi yake inapoonekana. Alipokufa baba yangu, mtani wetu mmoja wa Kizaramo alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akaenda moja kwa moja kufunga kabati la sukari kwa ufunguo, kama alivyokuwa akifanya baba kila wageni wakiingia. Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba ulipoanza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba uji.

"Ndugu anakupenda, kwa hiyo anasahau aibu zako," alisema Bwana Jayanti. "Mtani hasahau hata moja. Vikosi viwili vilivyopokezana mahali pamoja ni watani, dada. Hawajui tu kwamba jambo hilo lina jina."

Wanangu, nilifungua vifungo vya suti nikaondoka pale nakimbia.

Siku ya mkutano, kwenye ukumbi wa wakazi, Bi Helena aliandaa meza, karatasi na biskuti. Nilikuwa nimempa Doroti maagizo: mtukane. Akanishika mkono. "Kipenzi, nimeingoja ruhusa hii tangu ujana."

Bwana Stanli aliingia ameshikwa mkono na Margareti. Hata hajakaa, Doroti alianza.

"Kumbe bado upo. Nilidhani kikosi chenu kilikufa chote kwa uvivu."

"Huyu nani?" aliuliza Bwana Stanli.

"Mimi ni katika wale waliokuja kusafisha uchafu wenu. Hamkupiga hata njiwa! Mjerumani alikuwa akichoka anakuja kupumzika juu yenu."

"Tulitungua ndege!"

"Mlitungua vigae vya kanisa."

Bi Helena alinitazama kama mtu anayetafuta mlango. Nikamfanyia ishara ya kumtuliza, ingawa mimi mwenyewe niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Bwana Stanli alikuwa amesimama. Fimbo yake ilikuwa juu.

"Afadhali sisi!" alinguruma. "Afadhali sisi wavivu kuliko ninyi majambazi! Ninyi ndio mliotuibia birika letu!"

Bi Helena akashika kalamu.

"Tulihamishwa asubuhi, mvua inanyesha, tukalisahau jikoni. Tukarudi na lori. Pale getini amesimama msichana mfupi, nywele nyekundu, kofia upande, ananiambia mimi, usoni, kwamba hajaona birika. Na moshi wa chai unatoka nyuma yake! Vita yote iliyobaki tulikunywa chai ya sufuria. Ilikuwa na ladha ya supu!"

Bi Helena alikohoa kidogo. "Kwa hiyo, Bwana Stanli, wasichana walikuwepo pale?"

"Walikuwepo? Mama, mwizi ataiba vipi kama hayupo?"

Halafu akasikia alichokisema. Akashusha fimbo. Margareti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza. Bi Helena akaandika. Nami nikageuka kumtazama Doroti, nikitegemea kuona furaha, nikakuta mwanamke aliyenaswa. Akikubali kwamba walikuwepo, amekubali birika. Akilikana birika, amemfanya shahidi wake mwongo. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, lakini nyusi, wanangu, nyusi zilikuwa bado na rangi ya kutu. Hapo ndipo nilipokumbuka bati zito lililobonyea ubavuni, na mbuzi mchanga, na paka.

"Mficha uchi hazai," nilimnong'oneza, kwa Kiswahili, kana kwamba angeelewa.

Alijinyoosha mpaka akawa karibu mrefu. "Tulikuwepo," alisema. "Birika silijui."

Tulicheka wote mpaka Bi Helena akaangusha kalamu. Bwana Stanli ndiye aliyecheka mwisho na zaidi, akalazimika kukalishwa na kupewa maji.

Kibao kikawekwa na vikosi vyote viwili, kimoja chini ya kingine, na siku ya kukifunua wakagombana ni nani angekuwa juu. Doroti alikaa mbele ya kibao kile akilisoma jina la kikosi chake kwa sauti, mara ya pili, mara ya tatu, kama anaita watu waje kula. Tangu hapo Bwana Stanli akawa anampigia simu. Hakusema hujambo. Alisema, "Mwizi yupo?" Naye anajibu, "Mvivu ameamka?" Wakazungumza mpaka chai ikapoa. Mimi chai yangu niliendelea kuinywa kutoka birika lile lile na sikusema neno, kwa sababu mgeni mwema hamuulizi mwenyeji vyombo amevipata wapi.

Bwana Jayanti alifurahi kuliko wote. Akaacha kuniita mtaalamu wa mabwawa. Akaanza kuniita mpelelezi wa mabirika, mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na mpaka leo nikipita pale lilipokuwa duka lake nasubiri mtu anitukane, sisikii.

Kisha Bwana Stanli naye akafa, kwa amani, kitandani kwake. Doroti alinipigia.

"Ile habari ya koti la baba yako," alisema. "Niambie tena."

Nikamwambia tena, koti, kofia, sukari. Akasema nije na teksi.

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amepakata kitu kilichofungwa kwa blanketi kama mtoto. Sikuuliza. Kanisani watu wamevaa nyeusi, na msiba wa Kiingereza una ukimya ambao ukipiga chafya inabidi uombe radhi. Ilipofika zamu ya watu kumuaga marehemu, Doroti aliniambia nimsukume mbele. Nikamsukuma. Akafungua blanketi mbele ya watu wote, akalinyanyua birika kwa mikono miwili, meno ameyauma, akalibwaga juu ya jeneza. Lililia kama kengele.

"Haya, Stanli," alisema. "Chukua, mchoyo we. Na nilikuwa mimi getini."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema moyoni, Nyamizi, umeleta mambo ya Tabora, umeharibu msiba wa watu. Halafu nikaona mabega ya Margareti kwenye kiti cha mbele. Yalianza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, na kicheko kile kikapita kiti hadi kiti mpaka mchungaji mwenyewe akavua miwani kujifuta.

Baada ya maziko tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Nilimkuta Doroti peke yake kwenye kona, mikono mitupu mapajani. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona kuwa mzee.

"Nilidhani nitajisikia mwepesi," alisema. "Sasa ni nani ataniita mwizi?"

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba utani hauzikwi, unarithiwa, mtoto wa mtani wako ni mtani wako. Sikuhitaji kusema. Margareti alikuwa anakuja kutoka jikoni amelishika birika kwa mikono miwili, limeshaoshwa, linatoka moshi. Akasimama mbele ya Doroti na kumkazia uso, uso ule ule wa baba yake.

"Wewe mwizi," alisema. "Jumapili njoo kwetu unywe chai. Na uje na kikombe chako, vyetu tumeshavihesabu."

Doroti alimtazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Na ikiwa mbaya kama ya baba yako," akasema, "naondoka na sufuria pia."